Kwa Nini Visu Vinabaki Mezani

Nyie mnaohudumu sasa kwenye mesi ya walimu mmeniuliza mara nyingi kuhusu taratibu zetu mbili ambazo hamkufundishwa kokote. Kwanza, kwa nini watu wakianza kubishana mhudumu hagusi visu. Pili, kwa nini ubishi ukiisha birika la kunawia hushikwa na mwalimu, wakati kazi hiyo ni yenu. Nilipokuwa kazini nilikuwa nawajibu “fanyeni tu,” kwa sababu sahani zilikuwa zinasubiri. Sasa nimestaafu. Miguu ndiyo iliyoandika barua, mimi nikaweka sahihi. Nina muda wa kukaa kibarazani kwangu Igoma, hapa Mwanza, nikaeleza. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Vyeo havikuwa vingi, na mshahara kila mtu anaujua wake.

Nilianza mwishoni mwa miaka ya themanini, kwenye chuo chetu upande wa Nyegezi. Siku ya kwanza nilifika na viatu vya kisigino nilivyoazima kwa shemeji yangu, nikidhani mesi ni ofisi. Mpishi mkuu, Mzee Pastory, aliniangalia kuanzia miguuni, akaishia hapohapo miguuni.

“Shikamoo mzee,” nikasema.

“Marahaba. Hivyo viatu vimekuja kuhudumia au kuposwa?”

Kesho yake nilikuja na raba. Mzee Pastory alikuwa Mkerewe mwembamba, mwenye aproni iliyopigwa pasi kuliko mashati ya walimu wengi. Ujana wake alipikia wamisionari, na kwao alitoka na mambo matatu: uma na kisu vikae upande gani, supu isubiriwe na watu badala ya watu kusubiriwa na supu, na mhudumu aache masikio yake jikoni anapoingia ukumbini. Hilo la tatu alilirudia sana, ingawa yeye mwenyewe masikio yake yalikuwa yanafika hadi ofisi ya Mkuu wa chuo.

Alinifundisha kubeba sahani bila kuzitazama, kwa maana ukizitazama ndipo zinapomwagika. Alinifundisha kujua mwalimu aliyenuniwa nyumbani kwa jinsi anavyoomba chumvi. Na alinifundisha sheria aliyoiona kubwa kuliko zote: watu wakipaza sauti mezani, ondoa visu kwanza, maswali baadaye. Zamani kwenye hoteli moja mjini aliwahi kuona wanunuzi wawili wa pamba wakibishana mpaka mmoja akaondoka na sikio lililoning'inia. Yeye ndiye aliyelifunga kwa kitambaa cha meza. “Kitambaa kipya,” alikuwa anaongeza kila mara, na hilo ndilo lililokuwa likimuuma hasa.

Miaka hiyo ya mwanzo kazi ngumu ilikuwa kupika bila vitu. Sukari ilikuwa ya kibali, mafuta ya kubahatisha, na sabuni ya vyombo tuliitengeneza kwa majivu. Kisha soko likafunguliwa. Ghafla maduka ya mjini yakajaa sabuni za rangi zote, mitumba ikatandazwa Buzuruga mpaka barabarani, na tatizo letu likageuka: vitu vipo, fungu la mesi ndilo halipo. Samaki nao wakabadilika. Viwanda vikaanza kununua sangara na kusafirisha minofu yake kwa ndege. Sisi tunaoliona ziwa dirishani tukaanza kupika mapanki, yaani mgongo na kichwa kilichobaki. Mzee Pastory aliyapika vizuri sana, lakini siku ya kwanza alipoyapakua aligeukia ukutani, na nilimwelewa.

Ni katika wakati huo ndipo Wanigeria wawili walipoletwa. Walitumwa na serikali yao kuja kufundisha kwa mkataba. Mwalimu Obiora alifundisha hisabati. Alikuwa Mwigbo, Mkatoliki, mfupi, mwenye sauti ya kengele. Mwalimu Rasaki alifundisha kilimo. Yeye alikuwa Myoruba, Mwislamu, mrefu, na sauti yake ilitoka tumboni taratibu halafu ikajaa ukumbi. Walikaa meza ya pembeni karibu na dirisha, na chakula chao cha mchana cha kwanza hakikufika nusu kabla hawajaanza kubishana.

Sijui walianzia wapi, maana walisema Kiingereza cha kwao kinachokimbia. Nilichoona ni Mwalimu Obiora kasimama, Mwalimu Rasaki kagonga meza, maji ya kunywa yanaruka kwenye glasi. Walimu wetu waliacha kutafuna. Nami nilikuwa mwanafunzi mzuri wa Mzee Pastory. Nilikwenda kimyakimya, nikachukua visu vyote viwili, nikavifunga ndani ya aproni, nikarudi jikoni.

Baada ya muda mfupi mlango wa jikoni ukafunguliwa. Alikuwa Mwalimu Rasaki, na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye shida ya kawaida kabisa.

“Dada,” akasema kwa Kiswahili chake kipya, “tunakata nyama kwa meno?”

Nikampa visu. Nilipochungulia niliwaona wanacheka na bado wanagombana, vyote kwa pamoja. Sisi hatukuwa tumewahi kuona vitu hivyo viwili kwenye uso mmoja.

Ikawa hivyo kila siku. Walibishana kama mtu lazima amlipie mahari kubwa mwanamke aliyesoma. Walibishana kama mama mkwe anaweza kuhamia kwako bila kuulizwa. Walibishana juu ya wanajeshi waliokuwa wakitawala kwao: Rasaki akisema raia nao waliiba walipopewa nafasi, Obiora akisema afadhali mwizi unayeweza kumtoa kwa kura. Hata mapanki yetu hayakupona. Obiora alisema soko ni soko, anayelipa zaidi ndiye anayekula minofu. Rasaki akamjibu kwamba mtu anayeishi ufukweni na kula mifupa ameibiwa, hata kama ameibiwa kwa risiti. Kiswahili chao kilipokomaa wakaanza kuniingiza na mimi.

“Dada Vero, sema wewe! Nani mkweli?”

“Mimi mhudumu, Mwalimu.”

“Mhudumu hana akili?”

“Anayo. Ila masikio yako jikoni.”

Walicheka sana, kisha wakabishana kama jibu langu lilikuwa la busara au la woga.

Kuna siku walibishana juu ya vita vya kwao vya zamani, Waigbo walipotaka kujitenga, na siku hiyo hawakucheka. Sauti ya Obiora ilikatika katikati. Mesi nzima iliganda, na Mzee Pastory alikuwa ameshasimama mlangoni na trei ya kuwekea visu. Lakini walipomaliza, Mwalimu Rasaki alininyang'anya birika mkononi, akashika beseni mwenyewe, akamnawisha Obiora taratibu, mkono mmoja baada ya mwingine. Ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimeliona jambo hilo siku nyingine na sikulitilia maanani. Kila mara baada ya ubishi mkali, aliyehisi amezidiwa hoja, au aliyehisi amemgusa mwenzake panapouma, ndiye aliyeshika birika. Walikuwa wamejiwekea wenyewe. Hawakuwahi kulisema.

Jioni ile Mwalimu Obiora alikuja kuchukua maji ya moto, nikajikaza nikamuuliza kulikoni.

“Kaka yake alikuwa askari upande ule,” akasema. “Mimi nilikuwa mtoto upande huu. Mdogo wangu wa kike alikufa kwa njaa.”

“Na bado unakula naye, Mwalimu?”

“Sasa nile na nani, Dada Vero? Mwanza nzima ni yeye tu anayeweza kunibishia habari hiyo.”

Nilimjazia chupa yake ya chai mpaka ikamwagika.

Sasa muelewe na upande wetu. Sisi tulilelewa kwamba mtu mzima hasemi kwa sauti, na kwamba mambo ya siasa yanasemwa na mwenye kipaza sauti. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa, uchaguzi ulikuwa unakaribia, lakini walimu wetu walikuwa bado wanaongea wameinamia sahani, jicho moja mlangoni. Mwalimu Masanja wa historia alikuwa na mawazo mengi kuliko wote, na aliyasema yote kwa mnong'ono, hata yale ya mpira. Obiora aliwahi kumuuliza: “Nyinyi mnasema hamna ukabila. Hamnao, au hamsemi?” Masanja alitabasamu na kuomba chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yake.

Walimu wakapeleka malalamiko kwa Mkuu wa chuo: wageni wale wanachukiana, siku moja wataumizana, tena mbele ya wanachuo. Mkuu alikuwa mtu mpole asiyependa barua za onyo. Akamwita Mzee Pastory, kwa kuwa ni mtu mzima na Wanigeria walikuwa wakimheshimu, akamwomba awapatanishe kienyeji.

Mzee Pastory alifanya kazi hiyo kama tunavyoifanya sisi. Mnaijua. Ukitaka kupatanisha watu huwaambii “mmekosana kwa hili.” Unamwendea mmoja peke yake unamwambia, “Mwenzako ameumia sana na maneno yako, amekuja kwangu kwa masikitiko, lakini ameshakusamehe na anaomba yaishe.” Kisha unamwendea wa pili unamwambia vilevile. Kila mmoja analainika, wanapeana mikono, na hakuna anayeuliza nani alisema kwanza. Ni uongo, lakini ni uongo ambao kwetu kila mtu anaujua na kuupokea. Umeokoa ndoa nyingi, ikiwemo ya kwangu.

Wanigeria hawakuujua.

Kesho yake walikuja kula kimya. Walisalimiana kwa adabu, wakala wameinama, wakaondoka. Kesho kutwa vivyo hivyo. Mesi ikafurahi. Walimu walimpongeza Mzee Pastory, Mkuu akaja hadi jikoni kumshika mkono, naye akatembea kifua mbele wiki nzima. “Unaona, Vero,” akaniambia, “watu ni kuongea nao tu.”

Lakini mimi ndiye niliyeondoa sahani. Zilikuwa zinarudi na chakula. Obiora, ambaye alikuwa akiomba ugali wa nyongeza hata siku za mapanki, alikuwa anaacha nusu. Rasaki akahamia meza ya nyuma, akisema dirishani kuna upepo, ilhali upepo ule alikuwa ameusifia tangu afike. Na birika hakuna aliyelishika. Kila mmoja alinyoosha mikono kwangu na kutazama pembeni. Niliumia kuliko nilivyotarajia. Wale hawakuwa ndugu zangu, lakini nilikuwa nimezoea kusikia vikombe vikitetemeka.

Kisha Mwalimu Obiora akaleta jikoni vyombo vya chuo alivyokuwa navyo nyumbani: chupa ya chai, sufuria ndogo, vikombe. Ameomba kuhamishiwa chuo kingine, Tabora, akasema, na amekubaliwa.

“Kwani tumekukosea nini, Mwalimu?”

“Nyinyi, hapana.” Alivipanga vikombe kwa uangalifu mezani. “Dada Vero, kama nilimuumiza Rasaki, angeniambia mimi, usoni, kwa sauti yake mbaya ile. Miaka yote hii hajaacha kuniambia kitu. Sasa anapitia jikoni kunisema kwa wazee, halafu ananisamehe. Nani aliomba kusamehewa?”

Nilimsubiri Mwalimu Rasaki alipokuja kula, nikamuuliza naye kwa kuzunguka. Maneno yake yalikuwa yaleyale, ila ya kwake yalitoka polepole. Alisema ubishi ule ndio uliokuwa nyumbani kwake, na sasa anajua kwamba mwenzake alikuwa akiuhesabu kama matusi.

Nilikwenda kwa Mzee Pastory. Alikuwa anaparua magamba ya samaki.

“Mzee, wale watu umewagombanisha.”

“Nimewagombanisha? Husikii kulivyo kimya?”

“Ndiyo ugomvi wenyewe huo. Kila mmoja anaamini mwenzake alikuja kushtaki. Waambie hakuja mtu.”

Kisu kikasimama juu ya samaki. “Mimi niende kuwaambia vijana kwamba nilisema uongo?”

“Uongo wa heri, mzee. Wataelewa.”

“Sirudishi maneno yangu mdomoni, Vero. Na wewe masikio yako yaache hapa.”

Alinifundisha kila kitu ninachokijua. Ndugu zangu, hilo lilikuwa zito. Kumuumbua mtu mzima aliyekulea kazini, mbele ya wageni, si jambo unalofanya halafu ukarudi kumenya vitunguu naye kama kawaida. Siku ya mwisho ya Obiora nilizunguka na trei kama mtu aliyepoteza kitu. Wote wawili walikuwa ukumbini, kila mmoja na meza yake, na walimu wengine wanakula kwa utulivu waliokuwa wameupigania.

Nikaichukua sahani ya Mwalimu Rasaki kutoka mbele yake, yeye akiwa bado ameshika uma, nikaipeleka meza ya dirishani, nikaiweka mbele ya Obiora. Rasaki akaifuata sahani yake, angefanya nini. Kisha nikavuta kiti cha tatu nikakaa. Mhudumu kukaa mezani pa walimu lilikuwa jambo ambalo halijawahi kutokea, na nilisikia vijiko vikitulia ukumbi mzima.

“Mwalimu Obiora,” nikasema, “mwenzako hajawahi kukushtaki kwa mtu yeyote humu ndani. Na wewe Mwalimu Rasaki, vilevile. Hakuna aliyekuja jikoni. Hapa kwetu ndivyo watu wanavyopatanishwa: mpatanishi anamsemea kila mmoja maneno mazuri ambayo hakuyasema. Mzee wetu alidhani mnachukiana. Sote tulidhani hivyo.”

Walinitazama, kisha wakatazamana.

“Kwa hiyo hukwenda kwake?” Obiora akamuuliza Rasaki.

“Mimi niende kwa mpishi? Nikakushtaki wewe? Kwa lipi, wakati sijawahi kushindwa na wewe?”

“Hujawahi nini?”

“Na wewe uliamini! Msomi mzima wa hisabati!”

“Wewe hukuamini? Nani alihama meza? Upepo! Tangu lini wewe unaogopa upepo?”

Obiora alikuwa ameshasimama. Rasaki akagonga meza, glasi zikaruka. Walikuwa wanabishana nani kati yao alikuwa mjinga zaidi, kwa Kiswahili, halafu Kiswahili kikawashinda wakahamia kwenye kile Kiingereza chao kinachokimbia, na Rasaki machozi yalikuwa yanamtoka hajali. Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Mzee Pastory akaja na trei yake, mbio, akanyoosha mkono kwenye visu.

Niliushika mkono wake. “Viache, mzee. Wanakula.”

Obiora hakwenda Tabora. Mzee Pastory hakusema na mimi siku nyingi, isipokuwa “pisha” na “funga gesi.” Nililipa gharama hiyo bila kulalamika, maana alikuwa na haki yake. Kisha siku moja, tukiwa tunachambua mchele, akauliza bila kuinua kichwa:

“Kwa hiyo wale wakigombana ndiyo wanapendana?”

“Ndiyo, mzee.”

“Mh.” Akatupa kijiwe dirishani. “Wangesema mapema. Nimebeba visu vile bure.”

Mkataba wa Wanigeria uliisha, tukawasindikiza stendi. Mpaka basi linaondoka walikuwa wanabishana nani akae dirishani.

Muda si mrefu Mzee Pastory naye akastaafu. Ilikuwa karibu sana na uchaguzi, ule wa kwanza wa vyama vingi. Siku yake ya mwisho tulimkalisha mezani kama mgeni, ile meza ya dirishani, nami nikamhudumia. Alikaa wima na aproni yake, kwa sababu alikataa kuivua. Mwalimu Masanja na wenzake walikuwa wameinamiana pembeni yake wakinong'ona. Mkuu alipopita, wakanyamaza wakaanza kusifia mchuzi.

“Mnanong'ona nini?” Mzee Pastory akawauliza.

“Ni mambo ya vyama tu, mzee. Si ya mezani.”

“Semeni kwa sauti.”

Wakatazamana. Masanja akageuza jicho mlangoni.

Mzee Pastory akachukua kisu chake, akakilaza vizuri kando ya sahani, upande wa kulia, kama alivyofundishwa na wamisionari. “Semeni,” akasema. “Visu vipo. Vero haviondoi.”

Masanja akaanza kidogokidogo, sauti yake ikitafuta njia kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Mwingine akampinga. Kisha Mzee Pastory mwenyewe akaingia, akasema chama chake na kwa nini, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia miaka yote tuliyokaa naye jikoni. Masanja akamjibu hoja kwa hoja, safari hii macho hayako mlangoni. Mzee alipaliwa na maneno mara mbili. Mesi yote ilikuwa inapiga kelele, na hakuna sikio lililoning'inia.

Walipomaliza nilikuja na birika. Mzee Pastory akanyoosha mkono, nikadhani anataka kunawa. Akalichukua birika, akachukua na beseni, akainuka kwa shida na goti lake bovu, akaenda kumnawisha Mwalimu Masanja, ambaye angeweza kuwa mwanawe wa mwisho.